Sanduku la Huduma ya Kwanza Katika Lori la Kazi: Lisiwe Pambo

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, malori na matrekta ya makampuni hubeba wafanyakazi kwenda mashambani. Hubeba wakata miwa wa Lugazi, Kakira na Kinyara, wachuma chai wa Kabarole na Bushenyi, na wapasua mbao wa misitu ya kupandwa. Ndani ya gari moja huwamo watu 30 au 40 waliokaa bega kwa bega, na kati ya miguu yao zimelala panga zilizonolewa jana jioni. Jioni watu hao hao hurudi wamechoka, na panga ni zile zile.

Kutoka shamba la mwisho mpaka zahanati ya kampuni ni mwendo wa nusu saa barabara ikiwa kavu. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hugeuka utelezi, na safari hiyo huchukua saa nzima au zaidi. Katika saa hiyo zahanati ya mfanyakazi aliyeumia ni lile gari, na dawa yake ni kile kilichomo sandukuni. Ndiyo maana tumeona tutumie ukurasa wetu wa Kiswahili, ambao husomwa na ndugu wa makabila mengi na wa nchi jirani wanaofanya kazi pamoja nasi, kueleza sanduku hilo liwe na nini, likae wapi, na nani alitunze.

TULIYOYAONA KATIKA MAGARI

Tumefungua masanduku katika magari ya mashamba kadhaa. Hatutaji jina la kampuni yoyote, kwani shabaha yetu ni kurekebisha mambo. Katika gari moja tulikuta sanduku zuri la bati limepakwa rangi nyeupe. Ndani yake mlikuwa na spana mbili, kitabu cha stakabadhi, chupa ya spiriti iliyokauka, na plasta zilizoyeyuka kwa joto zikagandana kama ubani. Katika gari la pili sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa karani wa stoo. Katika la tatu dereva alituambia kwamba sanduku huwekwa garini siku ya ukaguzi tu, kisha hurudishwa ofisini.

Ndugu mmoja mkata miwa alijikata muundi kwa panga, jeraha la urefu wa kidole, ambalo lingeweza kuoshwa, kufungwa na kushonwa siku ile ile. Kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kumfungia, wenzake walichukua kitambaa cha kufutia oili ya trekta. Jeraha liliota usaha, homa ikampanda, na kwa wiki tatu hakukanyaga shambani. Mtu wa kipande asipokwenda kazini hana ujira. Kwa hiyo gharama ya bendeji chache ambazo hazikununuliwa ililipwa na mke na watoto wa mfanyakazi kwa chakula chao.

JERAHA LA WASTANI NI LIPI?

Mchubuko na mkato mdogo wa kidole huhitaji maji, sabuni na plasta, basi. Upande wa pili kuna majeraha ya kutisha, kama vile mguu uliosagwa na trela au damu inayoruka kwa kasi. Katikati ndipo yalipo majeraha mengi ya kazi zetu: mkato wa panga uliopita ngozi na kuachama, kiganja kilichopasuliwa na bati, kichwa kilichogonga ukingo wa gari, mwiba mnene au kijiti kilichoingia nyamani, mguu ulioungua kwa maji ya moto au bomba la moshi. Haya ndiyo majeraha ya wastani. Hayamwui mtu palepale, lakini yakipuuzwa huleta usaha, pepopunda, ulemavu wa vidole, na hata kifo. Sanduku la gari litengenezwe kwanza kwa ajili ya haya, na liwe na akiba kidogo kwa ajili ya yale makubwa.

VITU VYA KUWEKA

Kwa gari linalobeba watu wapatao 40 tunapendekeza vitu vifuatavyo. Gari dogo lipunguze hesabu, lakini aina za vitu zisipunguzwe.

1. Glavu za mpira, jozi 10. Hizi ziwe juu kabisa, zionekane mara kifuniko kinapofunguliwa.
2. Shashi safi zilizofungwa moja moja, za sentimeta 10 kwa 10, vipande 40.
3. Pedi nene za kugandamizia jeraha linalotoka damu nyingi, 6.
4. Bendeji za kuviringisha: nyembamba 6, pana 10, na za kuvutika 4.
5. Vitambaa vya pembetatu, 6. Kipande cha amerikani cha mita moja kwa mita moja kikikatwa kutoka pembe hadi pembe hutoa vitambaa viwili. Kitambaa hiki hubeba mkono uliovunjika, hufunga kichwa, na hushikilia gango la mguu.
6. Plasta ya kuviringisha, 2, na plasta ndogo za vidole, 50.
7. Kanda pana za kukazia mkono au mguu, zenye kijiti cha kuzungushia, 2.
8. Mkasi wenye ncha butu wa kukatia nguo, 1, na kibano, 1.
9. Maji safi ya kunywa, chupa mbili za lita moja zilizofungwa, na kipande cha sabuni.
10. Dawa ya iodini ya kupaka, ile ya povidoni, chupa ndogo 1.
11. Vidonge vya parasetamoli vya miligramu 500, 20.
12. Nailoni safi ya kufunikia chakula, mviringo 1, kwa ajili ya mtu aliyeungua.
13. Blanketi 1, tochi na betri zake, mifuko ya plastiki 5, pini kubwa kama zile za nepi 12, kalamu ya wino mzito na daftari.

Mtaona kwamba hatukuweka pamba. Pamba ikiwekwa moja kwa moja juu ya jeraha huacha nyuzi zinazonasa ndani. Hatukuweka vidonge vya kuua vijidudu, kwani hivyo hutolewa na mganga baada ya kumwona mgonjwa. Hatukuweka aspirini pia, kwa kuwa huifanya damu ichelewe kuganda. Sanduku si duka la dawa. Likijazwa kila kitu, mwenye haraka hatakiona anachokitafuta.

JINSI YA KUVITUMIA

Kwanza, simamisha gari mahali pa usalama na uvae glavu. Mwenzako hakuandikwa usoni kama ana ugonjwa wa damu au hana, na wewe pia hukuandikwa. Damu ya mtu ikiingia katika mkato wako, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati mapema. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa haraka iwezekanavyo, na zisicheleweshwe kupita saa 72.

Pili, zuia damu. Weka shashi au pedi juu ya mahali hasa damu inapotoka, ugandamize kwa nguvu za mkono kwa dakika 10 za saa. Usifunuefunue kuchungulia, maana kila ukifunua unaondoa damu iliyoanza kuganda. Damu ikipenya, ongeza pedi nyingine juu yake na ugandamize zaidi. Kisha funga kwa bendeji pana. Ukimaliza, bonyeza kucha ya kidole cha mkono au mguu uliofungwa, kisha iachie. Rangi ikikawia kurudi, au mgonjwa akisema anahisi ganzi, umekaza mno, legeza kidogo.

Tatu, ikiwa jeraha si kubwa sana na damu imekwisha kusimama, lioshe. Toboa tundu dogo katika kifuniko cha chupa ya maji, uiminye ili maji yatoke kwa nguvu na kusukuma mchanga nje. Tumia nusu lita au zaidi. Maji safi ya kunywa yanatosha kwa kazi hii. Iodini ipakwe kwenye ngozi ya pembeni. Isimiminwe ndani ya jeraha lenye kina. Spiriti vivyo hivyo, kwani huchoma nyama nzima pamoja na vijidudu. Lakini jeraha lililokuwa likitoa damu kwa wingi usilioshe, usije ukaianzisha damu upya. Lifunge hivyo hivyo, uuguzi uliobaki ni wa zahanati.

Nne, kitu kilichochoma na kubaki ndani kwa kina, kama kijiti au chuma, usikichomoe. Huenda ndicho kinachozuia damu. Zungushia bendeji pande zote kisitikisike, na umpeleke mgonjwa kama alivyo.

Tano, mtu aliyeungua amwagiwe maji baridi yasiyo barafu kwa dakika 20, kisha jeraha lifunikwe kwa nailoni safi. Pete na saa zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Malengelenge yasipasuliwe.

Sita, kidole kikikatika, zuia damu kwanza. Kisha kifunge kile kipande katika shashi yenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe juu ya kitu cha baridi. Kisiguse barafu wala kisitumbukizwe majini. Kipelekwe pamoja na mgonjwa.

Kuhusu kanda ya kukazia, zamani wengi tulifundishwa kwamba ni hatari na isitumike ila mtu akiwa karibu kufa. Siku hizi mafunzo yamebadilika. Damu ya mkono au mguu ikiruka kwa kasi, au ikikataa kusimama ijapokuwa imegandamizwa, kanda itumike mapema. Ifungwe sentimeta 5 mpaka 7 juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, isiwe juu ya goti wala kiwiko, ikazwe mpaka damu isimame. Itauma sana, na mgonjwa aambiwe hivyo. Andika saa uliyoifunga kwenye paji la uso wake au kwenye kanda yenyewe, na usiifungue njiani. Kamba nyembamba, waya au mpira wa baiskeli haufai, kwa maana hukata nyama na mishipa. Mtu mzima ana damu ya kadiri ya lita 5 tu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa kwa dakika chache.

MAMBO YA KUACHA

Wapo wanaotia jivu, udongo, majani ya chai yaliyotafunwa, mafuta ya taa au maji ya betri katika jeraha. Hatuwacheki, kwa sababu mtu asiye na bendeji hutumia alicho nacho. Lakini udongo na samadi ndimo vinamokaa vijidudu vya pepopunda, na mafuta ya taa huunguza nyama. Dawa ya meno na siagi juu ya mahali palipoungua huzuia joto lisitoke.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe sumu, wala asifungwe ile kanda ya kukazia. Alazwe, atulizwe, mguu uwekewe gango usitikisike, na gari liondoke mara moja.

NANI APELEKWE HOSPITALI?

Majeraha haya hayangoji kesho: lililoachama lisilojifunga; lililo juu ya kiungo, kiganjani au usoni; linaloonyesha mafuta au mfupa; lililomfanya mtu ashindwe kukunja kidole au asihisi kikiguswa; la kung'atwa na mbwa au mtu; na lolote lililoingia uchafu usiotoka. Aliyegonga kichwa kisha akatapika, akasinzia au akachanganyikiwa apelekwe hata kama jeraha ni dogo.

Kila mtu aulizwe lini alichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho. Kwa jeraha chafu, ikiwa imepita miaka 5, anahitaji nyingine. Kwa jeraha dogo safi, ni miaka 10. Asiyekumbuka, au ambaye hakuchomwa sindano zote za mwanzo, ahesabiwe kuwa hajakingwa. Afadhali tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya kila mfanyakazi, kama inavyoandikwa siku aliyoajiriwa.

SANDUKU LIKAE WAPI, NA NANI ALITUNZE?

Joto la ndani ya gari na vumbi la barabara huharibu vitu upesi kuliko miaka. Glavu hupasuka, gundi ya plasta huyeyuka, na shashi iliyoingiwa unyevu si safi tena. Kwa hiyo sanduku liwe la plastiki ngumu au bati, kifuniko kizibe barabara, na kila aina ya kitu itiwe katika mfuko wake. Liwekwe nyuma ya kiti cha dereva, mbali na injini na jua la kioo cha mbele, na lifungwe kwa mkanda ili gari likipinduka lisiruke likawaumiza watu. Lisitiwe kufuli. Tukiogopa wizi, tufunge kwa uzi mwembamba wenye lakiri. Uzi ukikatika tunajua limefunguliwa. Alama yake iwe msalaba mweupe juu ya rangi ya kijani. Msalaba mwekundu unalindwa na Mikataba ya Geneva na si wa kupakwa kila mahali.

Kila gari liwe na watu wawili waliofundishwa, na dereva asihesabiwe. Dereva kazi yake ni kuendesha. Wakati huo mwingine anagandamiza jeraha, na wa pili anamshika mgonjwa na kuangalia saa. Mmoja wa hao wawili awe mwanamke, hasa katika magari ya wachuma chai, ili dada zetu wakiumia wasione haya kufunguliwa nguo.

Siku moja ya kila mwezi, tuseme siku ya mshahara, watu hao wahesabu vitu kwa kufuata orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko, waangalie tarehe za kuisha, watie sahihi. Kilichotumika kirudishwe kabla gari halijaondoka asubuhi inayofuata. Na kila jeraha liandikwe katika daftari: jina, tarehe, saa, mahali, lilivyotokea, na waliokuwapo. Daftari hilo lina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Mfanyakazi anapodai fidia chini ya sheria, iwe ya Uganda ya mwaka 2000, ya Kenya ya mwaka 2007 au ya Tanzania ya mwaka 2008, neno la kwanza analoulizwa ni kama kweli aliumia kazini. Mstari mmoja ulioandikwa siku ile ile hujibu swali hilo.

SI HISANI, NI HAKI

Sanduku la huduma ya kwanza lina historia ndefu katika kazi. Mwaka 1888 kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilianza kuuza masanduku yaliyotengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, waliokuwa wakiumia mbali na daktari yeyote. Shida yao ilikuwa kama ya mkata miwa wa leo: kazi ya hatari na hospitali ya mbali.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema waajiri watakiwe kuweka mipango ya kutosha ya huduma ya kwanza. Mwaka 2022 Shirika hilo liliuingiza mkataba huo katika ile ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu kanuni zake. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu kilimo, unasema mashine za shambani zisibebe watu ila ziwe zimetengenezwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo. Kenya ilikuwa na kanuni za huduma ya kwanza kazini tangu mwaka 1977, na sheria yake ya mwaka 2007 inataka sanduku liwe mahali panapofikiwa kwa urahisi. Tanzania ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003, na Uganda ya mwaka 2006.

Lakini sheria haina miguu ya kupanda lori. Wenye kupanda lori ni sisi. Kwa hiyo tunayaomba matawi yote yafanye mambo manne. Kwanza, wawakilishi wafungue sanduku la kila gari wiki hii na kuandika walichokikuta. Pili, orodha ya upungufu ipelekwe kwa mwajiri kwa barua, na nakala ibaki tawini. Tatu, katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja, kiingizwe kifungu kinachosema kwamba gari lisilo na sanduku kamili halibebi wafanyakazi, na kwamba mafunzo ya huduma ya kwanza yafanyike saa za kazi kwa malipo kamili. Nne, mwajiri akipuuza, taarifa ifike kwa mkaguzi wa kazi wa serikali.

Waajiri wengine watasema gharama ni kubwa. Tuwaombe waweke mezani bei ya vitu vyote tulivyovitaja, na pembeni yake bei ya tairi moja la lori hilo hilo. Tairi likipasuka hununuliwa siku ile ile, kwa sababu bila tairi miwa haifiki kiwandani. Wala bila mikono ya mkata miwa haifiki.